Lebo za redio ghalani: zinahesabu magunia, hazipimi kilo

Tinde ni njia panda. Lori litokalo Dar es Salaam kwa njia ya Singida na Nzega, likifika hapo, huchukua kulia kwenda Shinyanga mjini na Mwanza, au kushoto kwenda Isaka, Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Mizigo inayopita au kulala katika ukanda huu ni ya kila namna: marobota ya pamba, dengu, choroko, mpunga, saruji, mafuta, na vipuri vya migodi ya dhahabu ya Kahama na Geita. Penye mizigo pana maghala, na penye maghala pana swali la siku zote: je, kilichoandikwa kwenye leja ndicho kilichomo ndani?

Teknolojia ya utambuzi kwa mawimbi ya redio, ijulikanayo kwa kifupi kama RFID, huuzwa duniani kama jibu la swali hilo. Wauzaji wa mitambo yake husema kwamba mzigo utajihesabu wenyewe ukipita mlangoni, na kwamba mwizi wa ghalani hatakuwa na pa kujificha. Madai hayo ni ya kweli kwa sehemu. Kwa mwenye ghala, chama cha ushirika au mnunuzi wa ukanda huu, jambo la kujua kabla ya kutoa fedha ni sehemu ipi iliyo kweli na ipi isiyo kweli.

Lebo inavyofanya kazi

Lebo ya RFID ni kipande cha karatasi au plastiki chenye chipu ndogo kuliko punje ya mchele, pamoja na antena nyembamba ya madini. Aina itumikayo sana maghalani haina betri. Mashine ya kusomea hurusha mawimbi ya redio. Antena ya lebo hupokea nguvu kidogo kutoka katika mawimbi hayo, chipu huamka, kisha hurudisha namba yake. Namba hiyo haifanani na ya lebo nyingine yoyote. Kompyuta huipokea na kuitafuta katika orodha yake: gunia hili ni la nani, liliingia lini, limewekwa safu ipi.

Tofauti yake na msimbo pau, ile alama ya mistari myeusi iliyochapwa kwenye sabuni na maboksi, ni mbili. Msimbo pau lazima uonekane kwa macho ya mashine, na husomwa mmoja mmoja. Lebo ya redio husomwa hata ikiwa upande wa pili wa gunia, na mashine moja huweza kusoma mamia ya lebo kwa muda mfupi mno. Lori la magunia 300 ambalo karani angelihesabu kwa nusu saa huweza kusomwa linapopita mlangoni.

Lebo hizi zina koo tatu. Zile za masafa ya chini, karibu kilohezi 125 hadi 134, husomwa kwa umbali wa sentimita chache. Ndizo hutumika duniani katika hereni za kielektroniki za ng'ombe. Za masafa ya kati, megahezi 13.56, ndizo zimo katika kadi nyingi za kufungulia milango. Za masafa ya juu sana, kati ya megahezi 860 na 960, husomwa kwa umbali wa mita kadhaa, na ndizo za ghala.

Maadui wa lebo hizi za ghala ni wawili: maji na chuma. Maji hunyonya mawimbi, chuma huyarudisha. Kwa hiyo lebo iliyobandikwa kwenye dumu la maji, au kwenye pipa la chuma bila kinga, huweza isisikike kabisa. Gunia la mazao makavu si tatizo kubwa likiwa peke yake. Likiwa katikati ya rundo, limezungukwa na magunia mengine pande zote, usomaji hupungua. Anayeambiwa kwamba mashine itasoma magunia yote, kila siku, bila kukosa hata moja, amwombe muuzaji aonyeshe hivyo ghalani, na si kwenye karatasi.

Stakabadhi ni ahadi

Kwa nini hesabu ya ghala imekuwa jambo kubwa zaidi sasa kuliko zamani? Sababu ni mfumo wa stakabadhi ghalani. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005, na mfumo ulianza kutumika kwa kiasi kikubwa mwaka 2007 katika korosho za Mtwara. Baadaye ukaenea katika mazao mengine, na katika miaka ya karibuni dengu na choroko za Kanda ya Ziwa zimeingizwa humo, zikiuzwa kwa mnada wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Maghala hupewa leseni na Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala.

Katika soko la zamani mkulima alimkabidhi mnunuzi gunia na kupokea fedha papo hapo, mara nyingi kwa bei ya kupunjwa. Katika mfumo huu hapokei fedha mlangoni. Anapokea karatasi inayosema kwamba kilo fulani za dengu, za daraja fulani, zimo ghalani kwa jina lake. Mnunuzi aliyeko mbali hununua kwa kuamini karatasi hiyo, bila kuliona gunia. Benki nayo huweza kukopesha kwa kuishika karatasi hiyo kama dhamana.

Kwa maneno mengine, stakabadhi ni ahadi. Mnunuzi akija kuchukua tani 100 akakuta tani 97, ahadi imevunjika kwa tani tatu. Kisheria mwendesha ghala ndiye wa kuulizwa. Lakini wakati upungufu unachunguzwa, malipo huchelewa, na anayengoja ni mkulima aliyeleta magunia manne, mwenye karo ya shule na mbegu za msimu ujao mbele yake. Mnunuzi aliyekuta upungufu mara moja hupunguza bei yake katika mnada unaofuata ili kujikinga, na bei hiyo huwagusa hata waliopima kwa haki.

Hivyo chombo chochote kinachofanya leja na ghala visemezane sawasawa kina thamani ya fedha. Kilichobaki ni kupiga hesabu.

Hesabu ya ghala la magunia 5,000

Chukua ghala linalopokea magunia 5,000 ya dengu kwa msimu, kila gunia kilo 100. Kwa urahisi wa hesabu bei iwe Sh. 1,000 kwa kilo, na dola iwe Sh. 2,500. Viwango hivi ni vya mfano tu, si bei za soko za wiki.

Lebo rahisi isiyo na betri hununuliwa kwa senti chache za dola kwa manunuzi makubwa. Ikifika ghalani kwa senti 10, ni Sh. 250. Lebo 5,000 zitagharimu Sh. 1,250,000 kila msimu, kwa kuwa gunia huondoka na lebo yake. Mashine za kusomea za mlangoni na moja ya mkononi, pamoja na kompyuta na programu, ziwe dola 6,000, yaani Sh. milioni 15. Zikidumu misimu mitano, ni Sh. milioni 3 kwa msimu. Jumla ni Sh. 4,250,000 kwa msimu, au Sh. 850 kwa gunia, au Sh. 8.50 kwa kilo.

Gunia moja lina thamani ya Sh. 100,000. Kwa hiyo mitambo hii itajilipa iwapo itazuia upotevu wa magunia 43 kwa msimu, ambayo ni chini kidogo ya gunia moja katika kila 100. Ghala linalopoteza magunia 100 kwa wizi au kwa makosa ya makarani lina sababu ya kununua. Ghala linalopoteza magunia 10 litakuwa limenunua kufuli la bei kubwa kuliko mlango.

Ukubwa wa ghala hubadilisha picha. Ghala la magunia 50,000 likitumia mitambo ileile litalipa Sh. milioni 12.5 za lebo na Sh. milioni 3 za mitambo, yaani Sh. 310 tu kwa gunia, au Sh. 3.10 kwa kilo. Ndiyo maana duniani kote teknolojia hii ilianzia katika maghala makubwa.

Unyevu na lumbesa

Sasa liangaliwe lile ambalo lebo haiwezi kuliona. Dengu zilizopokelewa zikiwa na unyevu wa asilimia 14, zikikaa chini ya bati la moto hadi kushuka asilimia 12, hupungua uzito bila mtu yeyote kugusa gunia. Katika kilo 100 za mwanzo, kilo 86 ni zao lenyewe na kilo 14 ni maji. Maji yakipungua hadi kuwa asilimia 12 ya uzito wote, gunia hubaki na kilo 97.7. Kilo 2.3 zimekwenda hewani.

Kwa magunia 5,000 hizo ni zaidi ya kilo 11,300, zenye thamani ya zaidi ya Sh. milioni 11 kwa bei ya mfano. Fedha hizo ni zaidi ya mara mbili ya gharama yote ya mitambo ya redio kwa msimu. Na mashine ya mlangoni itasoma siku hiyo: magunia 5,000 yaliingia, magunia 5,000 yametoka, hakuna upungufu. Kompyuta itaonyesha sawa, mizani itaonyesha tani 11 hazipo.

Hapo ndipo ugomvi mwingi wa ghalani huzaliwa. Mnunuzi hudhani ameibiwa, mkulima hudhani mizani imechezewa, na mtunza ghala hana la kuonyesha kwa sababu hakuandika unyevu siku ya kupokea. Kipima unyevu cha mkononi ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na mitambo ya redio, nacho kingemaliza ugomvi huo kabla haujaanza.

Lumbesa nayo ni hivyohivyo. Gunia lililoshonewa kilemba likazidi kilo 100 ni gunia moja machoni pa lebo, sawa na gunia lililolegea la kilo 90. Vita dhidi ya lumbesa imepiganwa na Wakala wa Vipimo kwa mizani, na bado ni kazi ya mizani. Lebo husema "nipo". Haisemi "nina kilo ngapi" wala "nina mchanga kiasi gani". Ili iseme hivyo, lazima kwanza mtu apime na kuandika namba ya kweli dhidi ya lebo hiyo. Karani akiandika uongo siku ya kwanza, mashine itaurudia uongo huo kwa uaminifu hadi siku ya mwisho.

Pamba na vipuri: hapo lebo ina kazi

Haina maana kwamba lebo za redio hazina nafasi katika ukanda huu. Nafasi ipo, na ya kwanza ni pamba. Pamba ikitoka katika kiwanda cha kuchambulia hufungwa katika robota la karibu kilo 181, yaani ratili 400. Robota hupimwa, hupewa namba, na sampuli yake hupangwa daraja. Tangu hapo haliongezwi wala halipunguzwi. Husafiri likiwa lilelile hadi kiwanda cha nguo. Pamba iliyochambuliwa ni kavu, na mawimbi hupita vizuri, mradi lebo iwekwe mbali na mikanda au nyaya za kufungia.

Thamani nayo inabeba gharama. Kwa bei ya mfano ya senti 70 za dola kwa ratili, robota moja ni dola 280, au Sh. 700,000. Lebo ya Sh. 250 ni chini ya Sh. 4 katika kila Sh. 10,000 za mzigo. Tena mnunuzi wa pamba hanunui "pamba" tu. Hununua marobota yenye daraja na urefu wa nyuzi alioutaka. Kulitafuta robota namba fulani kati ya 3,000 yaliyopangwa hadi darini ni kazi ya siku nzima kwa makuli. Mashine ya mkononi huliitikisha kwa dakika chache. Hata hivyo pamba ya Marekani imesafiri duniani kwa miaka mingi kwa kibandiko cha msimbo pau chenye namba ya kudumu ya kila robota. Funzo ni kwamba namba moja isiyobadilika ndiyo faida kubwa. Redio ni haraka iliyoongezwa juu yake.

Nafasi ya pili ni vipuri vya mitambo mikubwa. Gurudumu la lori la mgodini au pampu huwa na bei ya mamilioni, na kikikosekana siku ya kuhitajika, mashine husimama. Hapa lebo maalumu za kubandika kwenye chuma zinahitajika, nazo ni ghali kuliko za karatasi. Lakini vitu ni vichache na kila kimoja ni fedha nyingi.

Kwa mikunde na nafaka ipo njia ya katikati: kuweka lebo kwa chaga badala ya gunia. Magunia 5,000 yakipangwa 40 kwa kila chaga ya mbao, lebo zinazohitajika ni 125, za Sh. 31,250 tu. Mwenye ghala atajua kila rundo liko wapi na lipi liliingia kwanza ili litoke kwanza. Hatajua gunia moja likichomolewa usiku. Hiyo itabaki kazi ya mlinzi na ya hesabu ya kila wiki.

Funzo kutoka Marekani

Mwezi Juni 2003 kampuni ya maduka ya Wal-Mart ya Marekani iliwataka wauzaji wake 100 wakubwa waweke lebo za redio kwenye maboksi na chaga ifikapo Januari 2005. Jeshi la Marekani nalo likatoa agizo la namna hiyo kwa wazabuni wake. Ilidhaniwa kwamba msimbo pau umefika mwisho.

Haikuwa hivyo. Lebo zilikuwa bado ghali, usomaji ulikosea kwenye bidhaa za maji na za makopo, na wauzaji waliona kwamba gharama ni yao na faida ni ya mwenye duka. Mpango ukapungua kasi. Lebo zilikuja kushamiri baadaye katika nguo, ambazo ni kavu, zina thamani, na zina saizi na rangi nyingi za kutafutwa. Kampuni ya Decathlon ya Ufaransa na ile inayomiliki maduka ya Zara ya Hispania ni miongoni mwa zilizofanikiwa, kwa sababu mwenye kulipia lebo na mwenye kufaidi alikuwa mmoja.

Swali hilohilo linahusu stakabadhi ghalani. Gharama za ghala katika mfumo huo hukatwa katika bei ya mazao kama tozo. Zile Sh. 8.50 kwa kilo zikiingizwa katika makato, mkulima ndiye atakuwa amelipia mitambo ya kuzuia wizi na makosa yaliyo chini ya dhamana ya mwendesha ghala. Wanachama wa chama cha ushirika wakiletewa pendekezo la namna hii katika mkutano mkuu, wana haki ya kuuliza kwanza: upotevu wa msimu uliopita ulikuwa kilo ngapi, na nani aliulipia?

Lakiri za malori

Ndugu wa karibu wa lebo hizi hupita Tinde kila siku. Ni lakiri za kielektroniki zinazofungwa kwenye milango ya makontena na matangi ya mizigo ya mpito. Mamlaka ya Mapato (TRA) hutumia mfumo wa aina hiyo kufuatilia mizigo ya nchi jirani isije ikauzwa njiani bila kodi. Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wao wa pamoja mwaka 2017.

Lakiri hizo si lebo za senti 10. Zina betri, hupokea ishara za setilaiti kujua zilipo, na hutuma taarifa kwa mtandao wa simu zikifunguliwa au lori likiacha njia. Hutumika tena na tena. Kazi yake imefanikiwa kwa kuwa swali ni jepesi: mlango umefunguliwa au haukufunguliwa? Hata lakiri haijui kilichopakiwa ndani. Hilo linategemea ukaguzi wa bandarini siku ya kufunga.

Kabla ya kununua

Mwenye ghala anayefikiria kuweka mitambo hii afuate mpangilio ufuatao. Kwanza, mizani iwe na muhuri halali wa Wakala wa Vipimo na unyevu uandikwe kwa kila mzigo unaoingia. Pili, kila mzigo uwe na namba moja, iandikwe kwenye kadi ya rundo, kwenye leja na kwenye stakabadhi. Tatu, upotevu wa msimu mzima ugawanywe: kiasi gani ni unyevu, kiasi gani ni panya na wadudu, kiasi gani ni makosa ya kuandika, kiasi gani ni wizi. Lebo ya redio inatibu haya mawili ya mwisho tu.

Baada ya hapo, kama hesabu bado inakubali, muuzaji atakiwe kufanya jaribio: magunia 200 yenye lebo yapitishwe mlangoni mara 10, na kila mara idadi iliyosomwa iandikwe. Mitambo iwe ya masafa yanayoruhusiwa nchini, kwa kuwa mitambo ya Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928 na ya Ulaya 865 hadi 868. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ndiyo ya kuulizwa. Lebo haihitaji umeme, lakini mashine na kompyuta huhitaji, kwa hiyo leja ya karatasi isitupwe.

Ghala dogo la mikunde lenye mizani ya haki, kipima unyevu na kadi za namba litakuwa limemaliza sehemu kubwa ya ugomvi wake kwa gharama ndogo. Mwenye marobota maelfu, au stoo ya vipuri vya mgodi, ana sababu ya kuendelea hadi kwenye lebo. Kwa aliyeko katikati, daftari la upotevu la msimu huu ndilo litakalomwambia msimu ujao anunue au asinunue.